Kazi Yangu ni Kuvunja

Watu wa Neriungri wakiniuliza nafanya nini
kule maabara, nyuma ya mgodi wa makaa,
nawaambia: navunja vyuma, nalipwa mwisho wa mwezi.

Kipande ni kidogo, urefu wa kidole cha kati,
tumboni kina pengo, mkato wa herufi V.
Nakilaza juu ya vikalio viwili, mgongo ukiikabili nyundo,
naachia bembea.
Nyundo hupita, hupanda upande wa pili,
na pale inapochoka kupanda ndipo nisomapo
chuma kimekula nguvu kiasi gani kabla ya kukubali.

Cha vuguvugu la chumba hukataa kwanza.
Hupinda, hunyumbuka, hutoa midomo pembeni,
na kikikatika sura yake ni ya kijivu, ina nyuzinyuzi
kama nyama ya farasi iliyochanwa kwa mkono.
Cha baridi hakina hadithi.
Ta!
Ndani kinameta punje punje, sukari iliyomwagika.

Chuma ni kile kile. Tanuri moja, siku moja.
Kilichobadilika ni hewa.

Januari, alfajiri, nyuzi hamsini na mbili chini ya sifuri,
mkono wa kreni namba saba ulikatika
ukiwa haujabeba kitu.
Haukuinama. Haukulia, na chuma, walisema, hulia.
Erchim alikuwa chini yake, anafunga kamba ya kofia.

Waliniletea pande la mkono ule ndani ya turubai.
Usoni mwa mvunjiko palikuwa na vishale,
vidogo vidogo, safu kwa safu,
vyote vikinyoosha kidole mahali pamoja:
alama ya kulehemu, upana wa ukucha,
palipotiwa ndoano ya kutundikia chupa ya chai.
Niliutambua mkono uliolehemu.
Baba huinua fimbo mapema mwishoni,
huacha mkia kama wa kiluwiluwi.
Aliitia Julai, jua halitui, mbu usoni,
na mwezi huo chuma kilinyamaza, kikaustahimili ufa
kama mtu anavyostahimili mwiba
hadi siku ya kukimbia.

Nilikata vipande kumi na viwili.
Ishirini juu ya sifuri: jouli mia moja thelathini na moja.
Sifuri: tisini.
Ishirini chini: ishirini na sita.
Hapo ndipo ngazi inapokosa kidato.
Arobaini: saba.
Hamsini: nne.
Nne ni kilo ya unga ikidondoka kutoka usawa wa goti.

Niliandika yote. Aliyenunua feleji ya bei nafuu,
isiyojua nchi hii, nilimwandika juu kabisa.
Ndoano niliiandika. Na jina la mlehemu,
kwa herufi zile zile alizonifundisha yeye.

Baba alikuja Jumatatu, ukungu wa barafu ukimfuata mlangoni.
Hakuketi. Mkuu wangu akamwambia
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi;
Baba akamtazama kama mtu anayetazama redio.

Akachukua cha nyuzi hamsini, akaunga nusu na nusu.
Ziliingiana, unywele usipite,
ungedhani hakijawahi kuvunjika.
Akachukua cha joto. Nusu zikakataa.
Kila moja ilikuwa imerefuka, imejikunja, imeshika njia yake.
Alijaribu tena, akageuza, akajaribu,
kwa vidole vyake vyenye makovu ya cheche.

"Hiki," alisema, "kiliteseka."

Akakitia mfukoni bila kuniomba.
Kile kingine alikiacha mezani, kimeungana, kizima,
mpaka alipofunga mlango
kikaachana.